Hekalu nililojenga Ngamiani, na neno "kama mtoto"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake ilitoka katika ukurasa huu wiki mbili zilizopita. Alilalamika kwamba siku hizi watu wazima wanazunguka meza na askari wa bandia, wanarusha dadu na kujenga vijumba vya maboksi, akatoa mfano wa mzee mmoja wa Tanga aliyejifungia miezi minne akijenga hekalu la Wachina "kama mtoto". Mzee huyo ni mimi. Sina kinyongo naye, lakini neno hilo limenikaa kooni, na kwa kuwa alilisema hadharani nami nalijibu hadharani.

Nimeshika randa tangu 1971. Miaka 22 kati ya hiyo nilifundisha useremala chuoni, na iliyobaki nimepaua nyumba hapa mjini, Muheza na Pangani, nikatengeneza milango ya misikiti na mabenchi ya makanisa. Nayataja haya ili msomaji ajue kwamba ninaposema jengo fulani limenifundisha, nalipima kwa mizani ya kazi ambayo nimekula nayo chumvi nyingi.

Mjukuu wangu alisoma uhandisi Taiyuan, mji mkuu wa jimbo la Shanxi, kaskazini mwa China. Huko alizoeana na vijana wanaocheza vita vya mezani. Askari wao ni wa madini, urefu wa mm 28 kutoka unyayoni hadi machoni, na kila mmoja amegandishwa kwenye kitako cha duara cha mm 25. Mwendo wao na masafa ya bunduki hupimwa kwa inchi juu ya meza, na dadu ndiyo inayoamua kama risasi imepata au imekosa. Mchezo wenyewe una ukoo mrefu: mwaka 1824 ofisa wa Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, aitwaye Georg von Reisswitz, alipeleka wa aina hii kwa wakuu wa jeshi lake, na maofisa wakautumia kujifunza kuamuru vikosi kabla hawajapewa roho za watu. Waliokuwa wakiinamia meza zile hawakuwa watoto.

Aliporudi nyumbani alikuja na askari 72 wa mwaka 1900. Nusu yao ni wakulima waliofunga vitambaa vyekundu vichwani, wale wa Yihetuan ambao Wazungu waliwaita Mabondia. Nusu ni askari wa mataifa manane yaliyoungana kwenda Beijing kuzikomboa balozi zao, ambazo zilizingirwa siku 55, kuanzia Juni 20 hadi Agosti 14. Vijana wa Yihetuan walifanya mazoezi katika viwanja vya mahekalu ya vijijini, wakiamini kuwa wakishukiwa na roho risasi haziwapati. Mjukuu wangu aliponisimulia hilo nilikaa kimya kwa muda. Miaka mitano baadaye, 1905, babu zetu wa Kusini walikunywa maji ya Kinjikitile kwa imani hiyohiyo, wakaenda kukutana na bunduki zilezile.

Kwa hiyo alitaka hekalu la kijijini. Akaniambia, "Babu, ya kununua ni ghali, halafu nyingi ni za uongo." Akanionyesha picha. Kweli, nyumba zile zilikuwa na paa la manjano, nguzo nyekundu za kumeremeta, na majoka yamejaa mpaka kwenye vizingiti. Vigae vya manjano vya kung'aa, akanieleza, vilikuwa heshima ya mfalme na majengo aliyoyaruhusu mwenyewe, na mwanakijiji asingethubutu kuvipandisha juu ya paa lake. Aliyetengeneza nyumba zile ni kama mtu atakayejenga "msikiti wa Waswahili" kwa kuokota kuba huku na mnara kule, asijue kwamba misikiti yetu mingi ya kale haikuwa na mnara kabisa. Hapo nikamwambia mjukuu wangu kwamba nitamjengea, ila aniletee jengo moja la kweli, lenye jina na mahali pake.

Akaniletea Nanchan.

Nataka msomaji aliyeniandika alijue jina hilo. Nanchan ni hekalu dogo la Wabudha katika wilaya ya Wutai, huko Shanxi alikosoma kijana. Ukumbi wake mkuu ulijengwa mwaka 782, na tarehe hiyo imeandikwa kwa wino juu ya boriti. Katika majengo ya mbao yaliyosalia China, huo ndio mkongwe kuliko yote ambayo umri wake unajulikana. Mwaka 845 mfalme Wuzong aliamuru mahekalu ya Wabudha yavunjwe nchi nzima, watawa wakatawanywa, sanamu zikayeyushwa. Nanchan ulikuwa mdogo na ulikuwa mbali, na wavunjaji hawakuufikia.

Wataalamu wenyewe waliujua mwaka 1953 tu. Kabla ya hapo kulikuwa na msemo kwamba anayetaka kuona mbao za enzi ya Tang, ukoo wa wafalme waliotawala Nanchan ulipojengwa, aende Japani, kwa kuwa China hakuna zilizobaki. Mume na mke, Liang Sicheng na Lin Huiyin, walikataa kuamini. Julai 1937 walipanda milima hiyohiyo ya Wutai kwa nyumbu, wakafika hekalu la Foguang, wakaingia darini kwenye giza, popo na kunguni, wakipima boriti moja moja. Lin Huiyin ndiye aliyeona maandishi hafifu chini ya boriti, yenye jina la mwanamke aliyetoa mali ukumbi ujengwe. Mwaka ukapatikana: 857. Waliposhuka milimani ndipo walipopata habari kwamba vita na Japani vilikuwa vimeshaanza tangu Julai 7, wakiwa juu huko na futi kamba zao. Mtu akiniuliza hekalu linahusiana nini na meza ya vita, namsimulia habari ya watu hawa wawili.

Sasa niseme kazi yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyodharauliwa.

Ukumbi halisi una upana usiofika mita 12. Kwa kipimo cha 1 kwa 56, ambacho ndicho kinachowafaa askari wa mm 28, upana ungekuwa cm 21. Niliukuza hadi cm 24 kwa cm 20, kwa sababu askari hawa ni wanene kuliko binadamu na wanasimama juu ya vitako. Mlango nao niliupa kimo cha mm 48 na uwazi wa mm 30, maana kitako cha mm 25 kisipopita, mlango huo ni picha tu.

Nguzo ni 12, zote pembeni, nne kila upande ukihesabu na zile za kona. Ndani hakuna hata moja. Niliposikia hivyo nilijua nina kazi, maana paa zima linabebwa na boriti mbili zinazovuka kutoka mbele hadi nyuma. Kuta hazibebi kitu. Wachina wana msemo kwamba ukuta ukianguka nyumba haianguki, nami nilicheka kwa furaha niliposikia, kwa kuwa nimezaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Nyumba yetu ya miti na udongo, hapa Tanga na vijiji vyote vya pwani, inasimama kwa nguzo. Mvua ya masika ikila kiambaza mnakandika upya, na paa linabaki pale pale likiwangoja. Wao walichukua wazo hilo wakalipandisha hadi likabeba vigae vizito vya udongo kwa miaka zaidi ya 1,200.

Nguzo zenyewe hazikusimama wima kabisa. Zinaegemea ndani kidogo, na za kona ni ndefu kidogo kuliko za katikati, ili mstari wa upenu upande taratibu kuelekea pembeni. Kwenye kipimo changu urefu huo wa ziada ni mm 1. Mjukuu wangu aliniambia, "Babu, nani ataona mm 1?" Nikasimamisha nguzo zote sawa kwa majaribio, nikaweka fito juu, kisha nikabadilisha za kona. Akaona mwenyewe. Ukumbi wa kwanza ulionekana umechoka mabegani.

Juu ya kila nguzo kuna kile wanachokiita dougong. Dou ni jina la kipimo cha nafaka, kama kibaba chetu, na kipande chenyewe kinafanana nacho kweli: kibao cha mraba, kipana juu, chembamba chini, chenye mkato wa msalaba. Gong ni mkono uliopinda unaokaa katika mkato huo. Juu ya mkono vinakaa vibaba vingine, juu yake mikono mingine iliyo mirefu zaidi, mpaka rundo zima linatoka nje ya ukuta na kuushika upenu kama mtu anayebeba sinia kwa viganja vya mikono iliyonyooshwa. Hakuna msumari. Kila kipande kina ulimi au mkato wake, na uzito wa paa ndio unaovibana. Ardhi ikitetemeka viungo vinacheza kidogo na kurudi. Katika jimbo hilohilo kuna mnara wa mbao wa Yingxian, wa mwaka 1056, mita 67 kwenda juu, umeundwa hivyo na umepita katika matetemeko mengi.

Nilitengeneza marundo 12, kila moja vipande 17, jumla 204. Nilipasua msonobari wa chaga za kupakilia mizigo bandarini, nikapiga msasa hadi kila ufito ukawa na kimo cha mm 4.5 na upana wa mm 3. Uwiano huo, tatu kwa mbili, sikuubuni mimi. Umeandikwa katika Yingzao Fashi, kitabu cha kanuni za ujenzi kilichoandaliwa na Li Jie, afisa wa serikali ya Song, ukoo wa wafalme waliotawala China wakati huo, na kuchapishwa mwaka 1103. Kitabu hicho kinagawa mbao katika madaraja manane, kila daraja kimo 15 kwa upana 10, na jengo zima, kuanzia kibaba hadi boriti, linapimwa kwa ubao huo mmoja. Nilifundisha miaka 22 kwamba boriti isimamishwe kwa ubavu wake mwembamba na isiwe ya mraba, na sikujua kwamba kuna mtu aliyeiandika iwe kanuni ya nchi kabla ya miji yetu mingi ya mawe kusimama. Huku kwetu mafundi wa nyumba za mawe walitawaliwa na boriti ya mkoko: haizidi sana mita tatu bila kunesa, ndiyo maana vyumba vya kale vya Pangani na Lamu ni virefu na vyembamba. Kila fundi ana mti unaomwamuru.

Mikato ya vibaba ilinitesa. Patasi yangu ndogo kuliko zote ina mm 6, kwa hiyo nilinoa bisibisi ya saa ikawa patasi ya mm 1.5. Siku ya kwanza nilipata vibaba vitatu vizuri, na tisa vilipasuka. Baada ya wiki nikawa napata ishirini kwa siku, asubuhi tu, kwa sababu jicho langu la kulia halitaki kazi ndogo baada ya adhuhuri.

Halafu paa, na hapa naomba Mhariri unipe mistari kadhaa zaidi, kwa sababu hili nimelipenda kuliko yote.

Paa la Wachina limepinda, kila mtu anajua. Nilidhani wanapinda mbao. Hawapindi kitu. Mbao zote zimenyooka, na mpindo unatokana na papi, zile mbao za kulala zinazobeba paa, kupandishwa kwa hatua zisizo sawa. Kitabu cha Li Jie kinaeleza hesabu yake. Unapima kutoka papi ya nje mbele hadi papi ya nje nyuma. Kwangu ni cm 24, ukumbi cm 20 na mikono ya dougong cm 2 kila upande. Kimo cha mgongo kinakuwa kati ya robo na theluthi ya upana huo, na theluthi ni ya kumbi kubwa za heshima. Nanchan ulijengwa miaka 321 kabla ya kitabu, na paa lake limelala, kwa hiyo nilichukua robo: cm 6. Kisha unavuta uzi kutoka mgongoni hadi papi ya chini. Papi ya kwanza chini ya mgongo huiweki kwenye uzi, unaishusha kwa sehemu moja ya kumi ya kimo, ambayo kwangu ni mm 6. Unavuta uzi mpya kutoka hapo hadi chini, na papi inayofuata unaishusha nusu ya ile ya kwanza, mm 3. Kama paa ni kubwa na lina papi zaidi, unaendelea kukata nusu kila hatua.

Kila upande wa paa langu una hatua tatu za cm 4. Nilipomaliza hesabu, kupanda kwenyewe kukawa mm 14, kisha mm 20, kisha mm 26. Tazama tarakimu hizo: kila hatua inazidi iliyotangulia kwa mm 6. Nilikaa na penseli mkononi nikizitazama kama mtu aliyeokota dhahabu. Chini paa limelala, maji yanatoka kwa kasi na kurushwa mbali na ukuta wa udongo. Juu limesimama, mvua haipati mahali pa kutulia. Mimi nimepaua nyumba kwa kenchi zilizonyooka maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kwamba mpindo unaweza kuwa hesabu ya kutoa ambayo mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza.

Vigae nimevipata kwenye boksi. Si boksi lolote: yale ya sabuni na maji ya chupa yana mawimbi makubwa mno, kigae kimoja kingekuwa na upana wa kifua cha askari. Boksi jembamba la blenda au la simu lina mawimbi ya mm 3 na kitu, na hayo ndiyo yanayolingana. Unalowesha karatasi ya juu kwa sifongo, unangoja dakika mbili, unaimenya taratibu, na mifereji inabaki wazi. Paa la mbele lilihitaji mifereji kama 100. Mwisho wa kila mfereji niliziba kwa tone la gundi nyeupe na unga wa mbao, mfano wa vile vifuniko vya duara vinavyofunga safu za vigae kwenye upenu. Miinuko ya paa, pale pande mbili zinapokutana, nimeifunika kwa uzi wa katani uliochovywa kwenye gundi. Nadhani hakuna mji unaostahili zaidi kuezeka kwa katani kuliko huu wetu.

Rangi ya vigae ni kijivu, kama vya Nanchan: rangi ya maji nyeupe na masizi ya chemni. Mbao nimezipaka udongo mwekundu wa Muheza niliouchekecha kwa kitambaa na kuuchanganya na gundi. Hakuna rangi ya dukani iliyonipa wekundu ule uliopauka wa mbao zilizoona jua jingi.

Kosa kubwa nililolifanya ni la kitako. Jukwaa ambalo ukumbi unasimama juu yake nililichonga kwa foamu nyeupe ya kufungia friji, nikachora mawe kwa kalamu ya wino, kazi ya siku tano. Kisha nikaharakisha, nikatumia rangi ya kupuliza. Kiyeyusho cha rangi ile kinaila foamu. Mbele ya macho yangu mawe yalizama na kukunjamana, na ndani ya dakika moja kona mbili hazikuwapo tena. Jukwaa la pili nililipaka kwanza gundi na mchanga wa Raskazone tabaka mbili, likakauka usiku mzima, ndipo likapata rangi, tena ya brashi. Anayetaka kufanya kazi hii na aanze na onyo hilo.

Jirani yangu mmoja, mtu mwema tunayeswali safu moja, alisimama mlangoni akaniuliza kwa upole, "Mzee, hiyo si nyumba ya masanamu?" Nikamwambia ndiyo, ni nyumba ya ibada ya watu wengine, na ndani ya ule wa kweli yamo masanamu ya udongo ya zamani sana. Mimi sikuchonga sanamu. Jukwaa la ndani lipo, kwa kuwa bila hilo ukumbi si ule, na nimeliacha tupu. Lakini nikamwambia pia kwamba nilipotengeneza mabenchi ya kanisa sikuyafanya ya ovyo kwa sababu si yangu, na kibaba cha Nanchan sitakikata ovyo. Jirani akaingia, akakaa, akaomba kuliinua paa. Tangu siku ile amenisaidia kumenya maboksi.

Naam, paa linainuka. Lisipoinuka mchezo hauwezekani, kwa kuwa askari wanaingia ndani na wachezaji lazima wawaone. Linakaa juu ya mitambaapanya minne bila gundi, kwa uzito wake na vijiti viwili vya mishikaki. Chini ya boriti moja nimeandika kwa penseli mwezi na mwaka nilioimaliza. Mafundi wa Nanchan waliandika ya kwao, na ni kwa maandishi hayo leo tunaujua umri wake.

Msomaji mwenzangu alisema tena kwamba michezo hii inawapendezesha vijana vita. Nilimwuliza mjukuu wangu jambo hilohilo kabla sijakata ubao wa kwanza. Tukakubaliana kanuni, na imeandikwa kwenye karatasi yao ya mchezo: upande utakaochoma ukumbi unapoteza pointi 10, hata ukiteka meza nzima. Juni 23, 1900, Hanlin, nyumba ya wasomi jirani na ubalozi wa Uingereza, iliteketea kwa moto pamoja na vitabu visivyo na nakala kokote. Baada ya Beijing kuanguka, majeshi yalipiga kambi katika Hekalu la Mbingu. Kijana anayecheza na kupoteza pointi 10 huuliza kwa nini, na hapo ndipo anaposimuliwa hayo. Bila ukumbi ule mezani asingeuliza.

Na yapo yanayotuhusu sisi wa Tanga moja kwa moja. Katika kikosi cha Wajerumani kilichopelekwa China mwaka ule alikuwamo ofisa kijana aitwaye Paul von Lettow-Vorbeck. Miaka 14 baadaye ndiye aliyewaongoza Wajerumani na askari Waafrika hapa hapa, Novemba 1914, Waingereza walipoteremsha wanajeshi wao, wengi wao Wahindi, upande wa Raskazone, na mapigano yakafika hadi mitaani na kwenye reli. Askari wa Kihindi nao walikuwapo Beijing mwaka 1900 chini ya bendera ya Waingereza. Vita vile vya mbali vilikuwa na miguu, na miguu hiyo ilifika mpaka kwetu. Rafiki zake mjukuu wangu, waliozaliwa mjini hapa, wamelijua hilo kwenye meza yangu, na sasa wanataka tujenge stesheni ya reli ya Tanga kama ilivyokuwa 1914. Nimeshaanza kutafuta picha zake za zamani. Msomaji mwenye picha ya familia inayoonyesha paa la stesheni kabla halijabadilishwa, namwomba amletee Mhariri nakala.

Ndugu Mhariri, nimeambatisha mchoro wa paa kwa penseli. Kama nafasi ni finyu, acha mchoro, chapa tarakimu tatu tu, 14, 20 na 26, pamoja na maelezo ya uzi. Mwalimu yeyote wa hesabu au wa ufundi anaweza kuzitumia kesho asubuhi akiwa na ubao, uzi na misumari.

Na wewe ndugu uliyeandika, karibu nyumbani. Tunacheza Jumamosi baada ya swala ya alasiri, na ukifika mtaani uliza nyumba ya seremala mstaafu mwenye maboksi barazani. Utaliinua paa kwa mikono yako mwenyewe utazame ndani. Naomba jambo moja tu: lishike kwenye mgongo, usilishike kwa pembe, kwa sababu pembe zile nne zimebebwa na vibaba vya mm 5 na bado sijamaliza kuvikaza.

Wako mtiifu,
Seremala mstaafu,
Ngamiani, Tanga